PAUL BOMANI NA MIZANI YA PAMBA

Kamati ya kijitabu ilipogawa kazi, wenzangu walipewa historia ya kikundi, picha, hesabu za miaka kumi na majina ya waanzilishi. Mimi niliambiwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tutoka, mtu ambaye akina mama wa kikundi wanaweza kusoma habari zake wakapata kitu cha kuzungumza. Najua wengi mlitegemea nitamwandika Kirilo Japhet, Mmeru mwenzetu, aliyepeleka kilio cha ardhi ya Meru mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Huyo anastahili kijitabu chake peke yake, na bibi zetu waliochanga senti za nauli yake wanastahili kingine. Ila mwaka huu kikundi chetu hakisumbuliwi na ardhi. Kinasumbuliwa na bei ya unga wa lishe, na kinasumbuliwa na lile swali la kufungua matawi Usa River na Ngaramtoni. Kwa mambo hayo mawili nimemwona mtu anayefaa zaidi, naye si wa huku kwetu. Ni Paul Bomani wa Mwanza.

Vijana wanamjua kwa jina la barabara au hawamjui kabisa. Wazee wanamkumbuka kama Waziri wa Fedha na balozi. Mimi nataka mumjue kabla ya hapo, alipokuwa kijana anayezunguka vijijini na habari za mizani.

Alizaliwa Musoma tarehe 1 Januari 1925. Baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na watoto wa nyumba ile walisomeshwa. Mdogo wake Mark alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 1965. Paul alisoma katika shule za kanisa, ikiwemo ile ya Ikizu, kisha katikati ya miaka ya 1940 akapata kazi ya karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kwa yule Mkanada Williamson. Hapo ndipo alipojifunza vitabu vya hesabu. Mnaocheka mtunza hazina wetu akirudia kujumlisha mara tatu, kumbukeni kwamba mambo yote ya mtu huyu yalianzia kwenye daftari la karani.

Mwaka 1947 aliacha mshahara wa mgodini akaenda Mwanza mjini kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Hawa walikuwa wenye maduka madogo wa vijijini. Shida yao mtaielewa mara moja: bidhaa za jumla zilikuwa mikononi mwa watu wachache, nao wenye vibanda walinunua kwa bei ya mwisho mwisho, wakaongeza chao kidogo, mteja akaona wao ndio wezi. Bomani alizunguka nao, na katika kuzunguka ndipo akagundua kwamba mteja wa duka la kijijini hana fedha kwa sababu moja kubwa. Fedha yake ilikuwa imepotea kwenye pamba, siku ya kuuza.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye somo.

Bei ya pamba Usukumani haikuwa ya kupatana. Serikali ya kikoloni ilitangaza kila msimu ratili moja ya pamba mbegu ni senti kadhaa, na mnunuzi hakuruhusiwa kupunguza hata senti moja. Ukisikia hivyo utasema mkulima amelindwa. Kumbe wapi! Mnunuzi asiyeweza kuchezea bei alichezea kitu kingine. Alichezea uzito. Mkulima alitembea na mzigo kichwani maili nyingi, akafika kwenye banda la mnunuzi, mzigo ukapandishwa kwenye mizani ambayo yeye hajui kuisoma, karani akataja namba, fedha ikatolewa kwa bei halali kabisa ya Serikali. Bei ilikuwa sawasawa. Kilichokuwa pungufu ni ratili. Na mkulima hakuwa na njia ya kurudi na mzigo nyumbani, jua limezama na kodi inadaiwa.

Akina mama, sisi tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Tunaliita lumbesa. Nani kati yetu hajawahi kuuza gunia la viazi au vitunguu lililoshonewa kilemba juu, likawa gunia na nusu, na kulipwa bei ya gunia moja? Nani hajapimiwa kwa sado iliyobonyezwa kitako? Mwenyewe, mwaka wa kwanza wa biashara yangu ya ndizi, nilikuwa najisifu kwamba mteja wangu wa jumla hanipunguzii bei ya mkungu hata siku moja. Ilinichukua miezi saba kugundua kwamba alikuwa anachagua mikungu mikubwa tu na kuhesabu midogo miwili kuwa mmoja. Bei yangu ilikuwa imesimama kama nguzo, na mimi nilikuwa nazama.

Dawa waliyoanza nayo Bomani na wenzake haikuwa kelele wala maandamano. Ilikuwa mizani. Wakulima wa sehemu mbalimbali walianza kuchangishana, wakapata mizani yao na mtu wao wa kupima, na mkulima akapima pamba yake hapo kwanza kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Basi. Hakuna zaidi. Karani wa mnunuzi akitaja namba, mkulima naye anayo namba yake. Jambo dogo hilo lilitosha kuwatia watu wengine jasho, na lilitosha kuwafanya wakulima waone kwa macho yao kiasi kilichokuwa kinapotea miaka yote.

Bomani aliona kwamba ukishakuwa na mizani unaweza kuwa na chama, na ukishakuwa na chama huna haja ya kumpimia mtu mwingine. Nunua pamba mwenyewe. Mfano ulikuwepo. Huku kwetu Kaskazini Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925, na KNCU ilikuwa inafanya kazi tangu 1933. Uganda nako vyama vya pamba vilikuwa vimeanza, akaenda kuviangalia. Mwaka 1951 alikuwa ameshika uongozi wa Umoja wa Wasukuma, na mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, yeye akiwa mbele. Akapelekwa Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, 1953 hadi 1954. Aliporudi vyama vya msingi vilikuwa vinaandikishwa vijiji kwa vijiji, na mwaka 1955 vikaunganishwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana zaidi kwa herufi za VFCU. Bomani akawa meneja mkuu wake. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Msisahau hali ya siasa. Katika miaka hiyo hiyo TANU ilinyimwa kuandikishwa Usukumani, tangu mwishoni mwa 1954 mpaka 1958. Mikutano ya siasa haikuruhusiwa, lakini mkutano wa kujadili bei ya pamba na uaminifu wa mizani nani angeukataza? Watu wakajifunza kuchagua mwenyekiti, kusoma taarifa ya mapato na kumwondoa katibu asiyefaa. Bomani mwenyewe alikuwa ameteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1954, akawa na mguu mmoja huku na mwingine kule.

Nirudi kwenye biashara. VFCU haikuweza kupandisha bei ya mkulima, maana bei bado ilipangwa juu. Kwa hiyo ilitafuta faida mahali ambapo wengine walikuwa wanaipata. Kwanza, uzito wa haki. Pili, ile kamisheni ya kununua ambayo zamani ilikwenda kwa wenye mabanda, sasa ikabaki kwenye chama. Tatu, kuchambua pamba. Pamba mbegu ikiingia kiwandani inatoka nyuzi na mbegu, na mwenye kiwanda analipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1956 shirikisho lilipata kiwanda chake cha kwanza, Kasamwa huko Geita, na baadaye vikafuata vingine. Ona jinsi walivyofikiri: hawakusema tuuze ghali zaidi, walikaa wakauliza kati ya shamba na meli fedha inabaki mikononi mwa nani, wakafuata hatua kwa hatua. Kufikia 1960 karibu pamba yote ya kanda ile ilipita mikononi mwa ushirika, na VFCU ilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima. Miaka mitano tu!

Unga wetu wa lishe tumeuongezea bei mara mbili na mara mbili tumepoteza wateja wa Sakina. Sijawahi kuona tumekaa kuuliza nani anapata nini kati ya mashine ya kusaga, mifuko, bodaboda na duka. Lakini hilo ni la mkutano, nisiliharakishe.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo waandishi wengi wa sifa huipita haraka. Mimi sitaipita, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimchague mtu huyu.

Uhuru ulipokaribia Bomani aliitwa Serikalini. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, na 1962 Waziri wa Fedha. Aliyejenga nyumba akaondoka, na nyumba ikaendelea kuongezwa vyumba. Serikali mpya ilitaka ushirika kila mahali na upesi, kwa hiyo vyama viliandikishwa bila kupima kama vina mazao ya kutosha, bila makarani wa kutosha, na pengine bila wanachama kuelewa wameingia kwenye nini. Mahali palipokuwa na katibu mmoja mwaminifu anayejulikana na kila mtu, sasa palikuwa na ofisi. Juu ya chama cha msingi kulikuwa na chama kikuu, juu ya chama kikuu kulikuwa na shirikisho, na kila ngazi ilihitaji viti, baiskeli, gari na mishahara. Shirikisho likajiingiza pia katika mashamba makubwa ya pamoja yanayolimwa kwa matrekta, na matrekta hayo yalikula fedha kuliko yalivyoingiza.

Zamani makato yale hayakuonekana sana kwa sababu kulikuwa na akiba. Wakati wa vita na baada ya vita Uingereza ilinunua pamba kwa bei ya mkataba, sehemu ya fedha ikawekwa kwenye mfuko wa kutuliza bei, ili soko la dunia likianguka mkulima asianguke nalo. Lakini mfuko ni mfuko. Ukichota kila mwaka unafika chini. Katika miaka ya 1960 bei ya dunia ilishuka, mfuko ukakauka, na mkulima akaanza kulipwa kidogo zaidi kwa ratili, huku akikatwa ushuru wa chama, wa chama kikuu na wa halmashauri. Pamba ilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Mavuno ya katikati ya miaka ile yalivunja rekodi. Mkulima alivuna zaidi, akabeba zaidi, na kila ratili ikamletea pungufu.

Na mbaya kuliko yote, malalamiko ya mizani yalirudi. Safari hii mizani ilikuwa ya chama chake mwenyewe.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo TANU ilisimamisha wagombea wawili kila jimbo na wananchi wakachagua. Bomani, Waziri wa Fedha, baba wa ushirika wa pamba, alisimama Mwanza. Akashindwa. Wakulima wale wale aliowapa mizani hawakumpa kura. Wapo waliosema ni kwa sababu ya bei, wengine makato, wengine kwamba alikwisha kuwa mtu wa Dar es Salaam. Nadhani yote yalichangia. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha katika Baraza la Mawaziri, kwa hiyo kazi hakukosa. Lakini mimi najaribu kufikiri usiku ule wa matokeo ulikuwaje kwake, na nashindwa kulala.

Mwaka uliofuata Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchi nzima. Ilikuta wafanyakazi wengi kupita kiasi, ndugu kuajiri ndugu, fedha kupotea, na wanachama ambao hawakuelezwa chochote kuhusu chama chao. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mwaka 1968 ikageuzwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Hapa katikati, mwezi Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekaa hapa hapa mjini kwetu na kupitisha Azimio la Arusha, na mambo ya uchumi yakachukua njia nyingine kabisa. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Vikarudishwa katika miaka ya 1980, lakini vilikuwa kama mtu aliyetoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu.

Je, kosa lilikuwa la Bomani? Nimelitafakari sana. Hakuwepo kwenye kiti cha meneja wakati mambo yalipoharibika. Hata hivyo sitaki kumsafisha kama sufuria ya harusi. Chama kilichokua kutoka mizani ya kijiji mpaka umilikaji wa soko zima la kanda, kwa miaka mitano, kilikuwa kinategemea watu wachache sana wanaojua hesabu, na watu hao ndio waliochukuliwa kwanza kwenda Serikalini. Wakati wa kusomesha makarani wengine ulikuwa kabla ya kukua. Na jambo jingine: mkulima akiwa na mnunuzi mwingine wa kukimbilia, chama kinamheshimu. Akishakuwa hana pa kwenda, hata chama chake kinaanza kumpimia kama alivyopimiwa zamani. Hayo ni maoni yangu, msiyawekee muhuri wa kikundi.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa marefu na ya heshima. Alikuwa waziri wa wizara mbalimbali, kisha balozi wetu Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, muda ambao mabalozi wachache wamekaa mahali pamoja. Mwaka 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kijana aliyeanza na daftari la mgodini akawa anawatunuku wengine shahada. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki London tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Basi nirudi nyumbani. Kikundi chetu kilianza kwa wanawake kumi na wawili chini ya mwembe, kila mmoja akijua mwenzake anaishi wapi na mume wake anakunywa nini. Mwekaji akikosa hisa ya wiki tulikwenda kumwona kama ni mgonjwa. Leo tuko wengi, na orodha ya wanaotaka kuingia ni ndefu kuliko sisi wenyewe. Wapo wanaotaka matawi mawili yafunguliwe kabla ya Krismasi, na sababu zao ni nzuri: wenzetu wa Ngaramtoni wanalipa nauli kubwa kuja kuweka hisa ndogo. Wapo, nami ni mmojawapo, wanaouliza nani atashika daftari la kila tawi. Mpaka sasa wanaoweza kufunga hesabu za mwisho wa mzunguko bila kusaidiwa ni watatu, na mmoja wao anahamia Babati kwa mwanawe.

Pia ipo ile habari ya mifuko ya unga ya kilo moja. Mwezi wa tatu nilinunua mfuko wetu wenyewe dukani, kama mteja, nikaupima kwa jirani anayeuza nyama. Ulikuwa pungufu ya kilo. Sikusema siku ile kwa sababu sikutaka kumwaibisha aliyekuwa zamu. Nilipima mingine mitano kwa wiki mbili, minne ikawa pungufu. Pengine ni mizani yetu ya zamani yenye kutu, pengine ni haraka. Bei tuliyoandika kwenye mfuko ilikuwa sawasawa kabisa.

Nimewasilisha jambo hili kwa mwenyekiti, na limeingizwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu pamoja na lile la matawi. Mizani mpya imekwisha nunuliwa na ipo kwa mtunza hazina. Mwanachama yeyote anaweza kwenda kuupima mfuko wake.